Mkono wa Mama Mifupa

Asubuhi ile Mama Mifupa alimzaba mdogo wake kofi kabla hata hajanawa uso. Kosa la mdogo wake lilikuwa moja tu: alimfungulia kifuniko cha dawa ya meno bila kuombwa.

"Nimekuomba?" aliuliza Mama Mifupa.

"Hujaniomba, dada," alijibu mdogo wake akijishika shavu. "Lakini umesimama na hiyo dawa tangu nimeamka. Nimeshatandika vitanda viwili, bado unapambana nayo."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimuuma kuliko vidole. Vidole vyenyewe, vyote vitano vya mkono wa kulia, vilikuwa vimevimba, vina joto, na vimegoma kukunjika. Jana yake vidole hivyohivyo vilipasua paja la ng'ombe kwa mapigo manne mbele ya wateja, watu wakaguna kwa kuridhika. Leo vimeshindwa na kifuniko cha plastiki.

Mifupa hakuwa mtoto wake, maana mtoto hakuwa naye. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu alipokata mfupa kwa shoka haukutoa vipande vyenye ncha. Ulikatika safi, ukalala pale kwenye gogo. Mdogo wake waliyemwita Sindano, kwa wembamba wa mwili na kwa jinsi maneno yake yalivyochoma, ndiye aliyekaa kaunta na kupima mizani. Kati yao alikuwapo kaka mmoja, Meneja. Aliwahi kuwa meneja wa kituo cha mafuta kwa miezi minne, miaka kumi iliyopita, na tangu hapo hakukubali kushuka cheo hata nyumbani.

Bucha waliachiwa na mama yao, mwanamke aliyekata nyama miaka thelathini na kufa akiwa na vidole vyake vyote kumi, jambo alilojisifia hadi kitandani. Siku za mwisho alimkabidhi Meneja funguo, akamkabidhi Sindano kaunta, na shoka akamwachia kifungua mimba wake. Meneja alipokea zile funguo shingo upande. Ilimkaa kooni kwamba mtu akiingia buchani haulizi mwenye funguo yuko wapi, anauliza mwenye shoka.

Ugonjwa ulimwanza Mama Mifupa miaka mitatu baada ya mazishi. Daktari aliutaja kwa jina, refu kama jina la kampuni, kisha akamweleza kwa lugha ya kawaida kwamba mwili wake unajipiga wenyewe, viungo ndivyo vinavyokula kipigo. Mama Mifupa aliuliza swali moja tu: utampiga lini na utamwacha lini?

"Hilo siwezi kukwambia," alisema daktari. "Unaweza kukaa miezi minne ukasahau kama unaumwa. Halafu ukakaa wiki mbili huwezi kufungua mlango. Au siku moja. Kila mtu na wake."

Alitoka pale akaupiga ukuta wa zahanati ngumi kwa ule mkono mgonjwa, ambao siku hiyo, kwa ukaidi wake, ulikuwa mzima kabisa. Maumivu angeyavumilia. Alikuwa mtu wa kuvumilia. Alichoshindwa ni huko kutojua. "Ungekufa wewe," aliuambia mkono wake njiani, watu wakimgeukia, "ningekuzika, nikajifunza kukata kwa kushoto. Lakini hufi. Unanichezea."

Wanawake kila mmoja ana namna yake ya kushindana na jambo lisilo na ratiba. Sindano alinunua daftari. Kila siku aliandika: dada kala nini, kalala saa ngapi, mvua ilinyesha au haikunyesha, yuko hedhini au hayuko, kagombana na nani. Alijaza daftari zima akitafuta mahali ugonjwa unapopitia, kama mtu anayevizia mwizi dirishani. Waliacha chumvi. Waliacha sukari. Miezi miwili mwenye bucha hakutia nyama mdomoni, Meneja akapata la kuwachekesha wateja. Ndipo siku moja, baada ya wiki ya utulivu ambayo daftari lilikuwa limeahidi, Mama Mifupa aliamka hawezi kushika kijiko. Alilichana lile daftari kwa meno. Sindano alimwangalia tu, jioni akanunua jingine.

Sasa, siku yenyewe ya kofi ilikuwa siku ya kufa na kupona. Saa tatu asubuhi angekuja mpishi mkuu wa shule moja ya bweni kuwatazama wakikata. Bucha aliyokuwa akichukulia nyama ilikuwa imemletea aibu, maana mtoto mmoja alikwamwa na kipande cha mfupa kooni, akakimbizwa hospitali. Meneja alikuwa na jibu lake: msumeno wa umeme. Aliutaja tangu mwaka uliopita, na kila dada yake alipoamka vibaya aliutaja mara mbili. Kwa hiyo walikubaliana mbele ya Sindano. Mama Mifupa akimridhisha mpishi, gogo ni lake na msumeno usitajwe tena. Akishindwa, msumeno utakuja, na yeye atakaa nyumbani.

Kukaa nyumbani. Alishakijua kiti cha nyumbani kabla hajakikalia. Aliona jinsi watakavyomletea chakula kilichokatwakatwa, na jinsi Meneja atakavyoongea naye kwa sauti ya chini, ya upole, ile ya kuongea na mgonjwa. Afadhali amkate mtu.

Kuahirisha hakukufikirika. Alishawahi kuahirisha kazi kubwa mara mbili, na mara zote mbili siku ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Akameza vidonge viwili badala ya kimoja, akauloweka mkono kwenye maji ya moto hadi ngozi ikasinyaa, akauma kitambaa, akavikunja vidole kimoja kimoja kwa kutumia mkono wa kushoto. Kila kimoja kilipokunjika alitoa tusi. Kufikia saa mbili na nusu mkono ulikuwa unashika. Sindano aliandika kitu daftarini.

Mpishi mkuu alikuwa mama mnene, mkimya, wa kutazama bila kupepesa. Alikaa kwenye stuli upande wa pili wa gogo, mkoba mapajani. Meneja alisimama nyuma yake kama mlinzi, amevaa shati la mikono mirefu na kalamu mfukoni.

"Unga wa mifupa kwenye mchuzi sitaki," alisema mpishi. "Na ncha sitaki. Nataka vipande sawa, mtoto wa mbele asipate kikubwa kuliko wa nyuma."

"Ukiona ncha, nipige nayo," alisema Mama Mifupa, na mpishi akatabasamu kidogo.

Wakaanza. Kazi ile ilikuwa ya watu wawili. Sindano alishika mguu wa ng'ombe kwa ndoano, akauvuta ukakamae juu ya gogo. Mama Mifupa alinyanyua shoka, Sindano akarudisha mkono, shoka likashuka. Walifanya hivyo tangu utotoni na hawakuhitaji kuongea. Mbavu zikaenda. Goti likaenda, likapasuka safi, na mpishi akaokota kipande, akapitisha kidole gumba kwenye mkato, akakirudisha. Meneja aliguna.

Kwenye kipande cha ishirini na kitu, mkono ulimwacha. Haukuuma wala haukutetemeka. Vidole vilifunguka tu vyenyewe, shoka likiwa juu. Lilipaa nyuma ya bega lake, likagonga ukuta, likaanguka sakafuni pua na mdomo na kisigino chake mwenyewe.

"Shoka!" Sindano alipaza sauti, na wote watatu wakanyanyua mikono juu. Hiyo ilikuwa sheria ya mama yao. Chuma kikiponyoka, mnatangaza, mnainua mikono, mnakiacha kianguke kinakotaka. Hakuna kukidaka. Mpishi naye aliinua mikono bila kujua kwa nini.

"Mafuta kwenye mpini," alisema Mama Mifupa haraka. "Naosha nakuja. Mama, pata soda kwanza." Akaliokota shoka kwa mkono wa kushoto, akaingia chumba cha nyuma. Sindano akamfuata.

Chumba cha nyuma kilikuwa na sinki, ndoano tupu ukutani na sanduku la huduma ya kwanza. Mama Mifupa alilipiga lile sanduku kiwiko, likafunguka, bendeji ikaviringika sakafuni.

"Nifunge," alisema.

"Nikufunge nini?"

"Shoka. Nifunge nalo mkononi. Kaza."

Sindano alirudi nyuma hatua moja. "Dada, hapana. Mama alitukataza nini? Hata kamba ya kuning'iniza hakutaka kwenye mpini. Chuma lazima uweze kukiachia."

"Mama alikuwa na mkono. Mimi nina nini? Nifunge."

"Hapana."

Mama Mifupa alimkamata shingo kwa mkono wa kushoto, akamsukuma ukutani kati ya zile ndoano, akamkaba. Hakukusudia kukaba sana. Alimpenda mdogo wake kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani, na alimkaba. "Unataka nikakae nyumbani?" alimnong'oneza. "Unataka unilishe? Unaisubiri hiyo siku?"

Sindano hakujitetea. Machozi yalimtoka, sijui ya kukosa pumzi au ya uchungu. Alipoachiwa alikohoa, akapiga magoti, akaokota bendeji. Akamfunga. Alizungusha mara nane, kupitia kiganjani, kwenye kifundo, juu ya mpini, akakaza kwa meno na kupiga mafundo mawili. Kisha akavuta mkono wa koti jeupe la kazi la dada yake ukafunika yote.

"Mbavu zilizobaki tu," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Tukimaliza mbavu nakufungua."

Kumbe mkono uliofungwa unafanya kazi vizuri ajabu. Mama Mifupa alirudi kwenye gogo akashusha shoka kwa bega lote, maana vidole havikuwa na la kufanya tena. Alipiga, na kila pigo aliuona ugonjwa umelala pale chini ya chuma. Aliupiga kwa ajili ya dawa ya meno. Akaupiga tena kwa ile miezi miwili bila nyama. Vipande viliruka, damu ilimrukia kidevuni, naye alikuwa na furaha, tuseme ukweli, furaha ambayo hakuwa nayo tangu mama yake afe. Mpishi alikuwa ameacha kunywa soda yake. Akafungua mkoba, akatoa karatasi za mkataba, akaziweka magotini.

Meneja ndiye aliyeona. Koti lilipanda kwenye pigo moja la juu na bendeji ikachungulia.

"Hebu ngoja," alisema. Akamzunguka mpishi. "Ngoja, ngoja. Dada, hiyo nini?"

"Kaa mbali na gogo."

"Umejifunga? Umejifunga shoka?" Aliudaka mkono wake kwa juu ya kiwiko. Na tumpe haki yake, uso wake ulikuwa na hofu, haukuwa na ushindi. "Una wazimu? Toa! Sindano, leta kisu!"

"Niache, Meneja."

"Toa kwanza!"

Mama Mifupa alimpiga kichwa. Kichwa kwa pua, akasikia kitu kikivunjika, na damu ya kaka yake ikamwagikia vipande vya mpishi. Meneja hakumwachia. Alikuwa mwanaume mzito, hasira za miaka yote zikampanda kwa mkupuo, akaukamata ule mkono kwa mikono yake miwili na kuubamiza kwenye ukingo wa gogo ili uachie. Akaubamiza mara ya pili. Mama Mifupa aliona weupe machoni. Vidole vyake vilifunguka vyote, vimenyooka, vimesalimu amri, vimefanya kila kitu ambacho mama yao aliwafundisha. Shoka lilibaki palepale.

Sindano aliingia kati kwa sababu fundo alilifunga yeye na alijua lilipo. Alinyoosha mkono, vidole viwili vikashika ncha ya bendeji. Wakati huohuo Meneja alivuta na Mama Mifupa akavuta kwake. Sijui nani alivuta zaidi. Hata wao walibishana baadaye. Shoka lilipanda nusu mkono tu na kushuka juu ya gogo, pigo dogo ambalo lisingekata hata ubavu wa mbuzi.

Sindano alitazama mkono wake, akatazama gogo.

"Dada," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "nimekatika."

Damu ndiyo iliyopiga kelele kwa niaba yake. Iliruka hadi kwenye kioo cha kaunta. Mpishi alisimama, soda ikamwagika, akatoka mbio na mkoba kifuani. Mama Mifupa alitaka kumkumbatia mdogo wake na hakuweza, kwa kuwa kila alipomsogelea, chuma kilitangulia. Alikuwa akiutikisa ule mkono, anaukung'uta, anaupiga ukutani, analia kama mnyama, na shoka halitoki. "Usinisogelee," Sindano alikuwa akisema huku akirudi nyuma. "Dada, usinisogelee."

Meneja aliikata bendeji kwa kisu cha kuchunia. Shoka lilipoanguka hakuna aliyetangaza. Akampiga dada yake ngumi moja ya taya, yeye akaenda chini, na hakunyanyua mkono kujikinga. Kisha Meneja alivua shati, akamviringia Sindano mkononi, na kwa dakika nzima wale ndugu wawili, mmoja pua imevunjika na mwingine meno yanacheza, walipiga magoti kuvitafuta vidole vya mdogo wao katikati ya vipande sawa vya nyama. Walikipata kimoja.

Hospitalini hawakuweza kukirudishia. Daktari wa zamu, binti mdogo mwenye miwani, aliwaita pembeni na kuwaeleza bila kuzungukazunguka. Kidole cha shahada na cha kati vimekwenda. Nyuzi zitatolewa siku ya kumi na nne. Kidonda kitafunga ndani ya wiki sita. Baada ya hapo hatasikia maumivu, na mkono utakuwa hivyo hadi kufa kwake, hautapungua wala kuongezeka.

Mama Mifupa alisikiliza, na jambo baya lilimpanda kifuani. Aliona wivu. Alimwonea wivu mdogo wake aliyemkata mwenyewe, kwa sababu ya ile tarehe. Siku ya kumi na nne. Wiki sita. Angetoa vidole vyote vitano kuambiwa maneno kama yale. Alikwenda chooni, akatapika, akakigonga kichwa chake kwenye sinki mpaka muuguzi akaja kumshika.

Alilala kwenye benchi nje ya wodi. Kulipokucha alinyoosha mikono kabla hajakumbuka alipo, na ndipo alipohisi. Mkono wa kulia ulikuwa mwepesi. Michubuko ya gogo ilikuwepo, nyeusi, lakini uvimbe ulikuwa umekwenda na joto limekwenda. Alikunja ngumi. Ikakunjika, ikakaza, kucha zikamwingia kiganjani. Alikunjua, akakunja tena. Ungempa ng'ombe mzima asubuhi ile angemmaliza kabla ya saa nne. Alikaa pale akaitazama ile ngumi kwa chuki asiyowahi kumchukia mtu.

Meneja alikuja saa moja, plasta usoni. Hakukaa. "Mpishi hapokei simu," alisema. "Gogo nimeliosha. Nimeongea na fundi, msumeno unakuja Jumamosi." Alisimama akisubiri tusi, au ngumi, au kichwa kingine cha pua.

"Lete," alisema Mama Mifupa.

"Dada..."

"Nimesema lete. Mimi gogo nimeliacha." Meneja alikaa sasa, akajifuta macho kwa kiganja. Wala hakuonekana kama mtu aliyeshinda.

Mama Mifupa alinyanyuka akaingia wodini na kikombe cha chai. Sindano alikuwa macho, mkono umeviringwa hadi kiwikoni, shingoni ana alama nne za vidole zilizoanza kuwa za zambarau. Mama Mifupa alikaa ukingoni mwa kitanda. Maneno ya kuomba msamaha alikuwa ameyapanga usiku kucha. Akamwinua kichwa kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akamsogezea kikombe mdomoni.

Sindano hakunywa. Alikitazama kile kikombe kilivyoshikwa, kidole gumba upande mmoja na vinne upande wa pili, vimekaza, havitetemeki hata kidogo. Miaka mitatu alikuwa ameisoma mikono hiyo kila asubuhi, hakuhitaji kuuliza.

"Uko mzima," alisema.

"Ndiyo."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Sindano alifumba macho. Pumzi ilimtoka kwa kukatikatika, ikawa kicheko, kisha haikuwa kicheko tena.

"Siku moja, dada," alisema. "Ungesubiri siku moja."

Mama Mifupa alitaka kujibu kwamba hakujua, na hakuna mtu aliyejua. Yote hayo yalikuwa kweli, na hayakuwa na maana mbele ya ule mkono ulioviringwa. Aliendelea kukishika kikombe hapo mdomoni, kimesimama imara, mpaka chai ikapoa.